Karatasi ya Kati

Mwezi wa Julai, saa tano za asubuhi, hakuna mtu mwenye akili zake anayezunguka mitaa ya Ruwi kwa miguu, kwa joto hili la nchi za Waarabu. Rahila alizunguka. Aliliacha gari nyuma ya benki akakata mitaa ya maduka ya umeme, abaya lake la rangi ya kahawa limemganda mgongoni, shela inamteleza, anaingia duka hili anatoka, anaingia lile anatoka, na kila mwenye duka anampa jawabu moja: zimekwisha, njoo wiki ijayo. Wiki ijayo! Mtu nyumba yake inaungua unamwambia wiki ijayo.

Alikuwa akitafuta mashine ya kukausha hewa, ile inayonyonya unyevu wa chumba na kuukusanya kwenye tangi. Ya kwao ilikufa alfajiri, na alipotoka nyumbani alimwacha baba yake ameketi na kipima unyevu mkononi, anakisoma kwa sauti kila baada ya dakika kumi, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Katika duka la sita aliiona moja, ya mwisho, imesukumwa chini ya mafeni. Akalirukia boksi, akaliwekea mkono. Sekunde ileile mkono mwingine ukatua upande wa pili.

Mwenye mkono alikuwa mwanamume mrefu wa miaka kama arubaini, kanzu ya kijivu, kishada cha shingoni kinanukia udi, kofia ya kushonwa kwa mkono. Alisema kwa Kiarabu, kwa adabu, kwamba yeye ameshapatana na mwenye duka. Rahila akajibu kwa Kiarabu, bila adabu sana, kwamba yeye ameshaishika. Halafu akageuza uso na kujisemea kwa Kiswahili, "Mungu wangu, na huyu naye katokea wapi?"

"Katokea Quriyat, bibie," yule mwanamume akamjibu kwa Kiswahili safi cha Unguja.

Rahila alitamani sakafu ipasuke. Lakini mkono hakuuondoa.

"Samahani, kaka. Lakini nna mgonjwa nyumbani."

"Na mie nna mgonjwa. Mama yangu ana pumu, na kwetu Quriyat, pwani, hivi sasa hewa unaweza kuikamua. Wako anaumwa nini?"

"Wangu..." Rahila alisita. Hakuna njia nzuri ya kulisema jambo hili. "Wangu ni karatasi."

"Karatasi?"

"Picha za Kijapani za kuchapwa kwa ubao. Za zamani. Baba yangu anazikusanya. Zikipata unyevu zinaota ukungu, na ukungu ukishaota ndiyo basi tena."

Yule bwana alimtazama, akacheka mpaka mwenye duka akachungulia. "Wallahi nimefanya kazi ya AC miaka kumi na minane, sijapata kusikia karatasi ina pumu. Haya, ichukue. Mama atavumilia siku mbili. Lakini n'taibeba mwenyewe mpaka kwenye gari lako, na njiani utanieleza vizuri, kwa sababu leo sitolala."

Akaibeba. Njiani Rahila alimweleza, akashangaa kujisikia anaeleza kwa furaha: kwamba mchoraji alichora, mchongaji akachonga ubao mmoja kwa kila rangi, mchapaji akakandamiza karatasi kwa mkono, rangi moja baada ya moja, miaka mia mbili iliyopita, na picha ikatoka. Yule bwana hakumkatiza hata mara moja. Alipoliweka boksi kwenye buti, akatoa kalamu na kuandika namba ya simu juu yake.

"Hii ni garantii. Ikiharibika, nipigie. Jina langu Hisham."

"Na isipoharibika?"

"Basi nipigie unambie kwamba haijaharibika."

Haya. Mapenzi mengine huanzia harusini, mengine shuleni. Haya yalianzia chini ya mafeni.

Sasa niwaambieni habari ya nyumba alikorudi Rahila. Ipo mtaa wa Ghubra, nyumba nyeupe ya ghorofa mbili, na ukipita nje utaona madirisha manne ya juu yamezibwa kwa mapazia mazito. Chumba hicho ndicho cha karatasi. Baba yake, Mzee Amur, alikaa Tokyo miaka sita kwa kazi ya mafuta, yeye na mkewe Bi Kheiria, na kila mwezi wakikwenda pamoja kwenye maduka ya vitabu vya zamani kununua picha moja, mbili. Bi Kheiria alipofariki, ni miaka kumi na moja sasa, mzee aliyafunga yale mapazia, na hayajafunguliwa tena.

Sheria ya nyumba ile ilikuwa moja: asili gizani, kopi juani. Picha za asili zililala kwenye droo, kila moja imefunikwa kwa karatasi laini nyeupe, kwa sababu rangi za zamani zinaliwa na jua. Ya waridi huondoka kwanza, kisha ya zambarau. Kopi, zile zilizochapwa miaka ya karibuni, zilitundikwa ukumbini na jikoni, zikapigwa na jua mpaka zikawa rangi ya chai, na hakuna aliyejali.

Na ile mashine, tangi lake hujaa kila saa sita. Likijaa, inazima. Kwa hiyo saa kumi na mbili, saa sita, saa kumi na mbili, saa sita, lazima mtu alimwage. Mzee goti lake bovu. Winifrida, dada wa Bukoba anayewasaidia kazi, haruhusiwi kukanyaga chumba kile. Kaka yake Rahila, Badr, anakuja Ijumaa, anakula, anasema "Rahila wewe ndiye uliyebarikiwa radhi za baba", anaondoka. Alibaki Rahila. Alikuwa mwalimu wa jiografia. Aliacha kazi kwa muda tu, msiba upoe. Muda huo sasa una miaka kumi na moja, na Rahila ana miaka thelathini na sita. Alifundisha watoto ramani ya dunia, na yeye mwenyewe hawezi kufika hata Nizwa, mwendo wa saa mbili kwa gari, akarudi kwa nafasi.

Wachumba walikuja watatu, na mzee aliwakataa wote. Wa kwanza kwao wana kisukari. Wa pili anavuta sigara. Wa tatu, maskini, alikohoa ndani ya chumba cha karatasi.

Rahila alipiga simu siku ya pili.

"Haijaharibika," alisema.

"Alhamdulillahi! Nilikuwa na wasiwasi mno. Na wagonjwa?"

"Wanaendelea vizuri. Wanakusalimu."

"Waambie nawapenda wote. Kuna hata mmoja wao anayekunywa kahawa?"

Wakanywa kahawa, mchana, mahali penye watu, Winifrida kakaa meza ya pili na keki yake. Wakanywa tena. Rahila akaanza kuvaa shela ya bluu na kujitia udi kwa ajili ya kwenda "kununua dawa ya nzi". Lakini kila ikikaribia saa tano na nusu, macho yake yalikuwa kwenye saa.

"Unakwenda wapi, roho yangu, hata kikombe hakijapoa?"

"Tangi."

"Tangi! Wanawake huwa na mke mwenza, mie nna tangi mwenza." Halafu akaacha mzaha. "Rahila, sikiliza. Ile mashine ina tundu nyuma. Natia mpira, maji yanatoka nje yenyewe. Dakika tano. Hutamwaga tena maisha yako."

Rahila alimfikishia baba yake habari ile kama anayeleta zawadi. Mzee Amur alitikisa kichwa kabla hajamaliza.

"Utoboe ukuta? Tundu linaloingia mpira linaingia na mdudu. Nani kakutia maneno haya?"

"Fundi."

"Mafundi hawajui karatasi, mama. Wewe ndiye unayejua." Akampapasa mkono. Na hivyo ndivyo alivyokuwa, hakuwa mkali hata kidogo. Angekuwa mkali ingekuwa rahisi.

Hisham alikuja kuposa mwezi wa Novemba, yeye na mjomba wake, kanzu nyeupe za pasi, bukhuri, sinia la halua. Badr naye alikuwepo. Mzee Amur aliwapokea vizuri, akawaonyesha chumba, na Hisham, aliyeonywa, hakukohoa. Mzee akafungua droo akatoa karatasi mbili.

"Hii ni picha ya karatasi tatu," alisema. "Hii ya kulia, mwanamke kasimama ukingoni mwa mto anangoja kuvushwa. Hii ya kushoto, ng'ambo, nyumba ya wageni, taa zimewashwa. Ya kati, mto wenyewe na wapagazi wanaovusha watu, sina. Mimi na marehemu tuliitafuta miaka sita. Bwana Hisham, mahari ya binti yangu si riali. Niletee karatasi ya kati, ya asili, nikuozeshe."

Mjomba akamtazama Badr, Badr akatazama halua.

Rahila alikuwa nyuma ya mlango. Moyo ulimwambia: mahari ni yangu mie, Mungu kanipa mie, mbona hakuna anayeniuliza? Lakini mdomo haukufunguka. Akasikia sauti ya Hisham, tulivu: "Nipe muda, Ami Amur. Nitaileta."

Mwaka mmoja na miezi saba! Fundi wa AC akajifunza majina ya wachoraji, alama za wachapishaji, mihuri ya wakaguzi. Alimpigia Rahila baada ya sala ya alfajiri, kabla hajakwenda kazini, wakati Tokyo wameshafungua maduka na kumtumia picha za mbele na nyuma.

"Nimeipata, habibti!"

"Igeuze. Mgongo wake ukoje?"

"Mweupe pee, msafi kama kanzu ya Idi."

"Basi ni kopi. Ya asili rangi yake inazama, inaonekana kwa nyuma. Tafuta mgongo mchafu."

"Laiti wanawake nao wangetafutwa kwa mgongo mchafu, ningeoa zamani."

"Mshenzi wewe! Hebu kata simu."

"Kata wewe."

"Anza wewe."

Hivyo hivyo, mpaka maji yalipochemka jikoni. Rahila alizitumia simu zile kama chakula. Mchana kutwa ndani ya giza la mapazia, anapanga, anafuta vumbi, anamwaga maji, lakini kila kukicha kuna dakika ishirini za mtu anayemtafuta kwa kupitia upande wa pili wa dunia.

Mwishowe Hisham alichukua likizo akapanda ndege mwenyewe mpaka Kyoto, kwa mjane mmoja aliyekuwa akiuza vitu vya mumewe. Aliporudi hakwenda kwao. Alitoka uwanja wa ndege moja kwa moja mpaka Ghubra, kanzu ina mikunjo, ndevu hazijachongwa, amekumbatia bahasha ngumu kifuani.

"Igeuze mgongo, Ami," alisema, na huku anamtazama Rahila mlangoni na kutabasamu kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Mzee Amur aliiweka chini ya taa yake ndogo. Akaipindua. Akachukua kioo cha kukuzia. Aliipitia saa nzima, mashine inaunguruma. Mara tatu alirudi kuupapasa ukingo wake kwa kidole, na Rahila akafikiri ni umakini.

"Kopi," mzee alisema.

"Vipi, Ami?"

"Kopi. Ubao mpya. Wamekuchezea."

"Ami, tazama rangi ilivyozama. Tazama..."

"Mie nazitazama hizi miaka arubaini. Wewe unatazama AC." Akavua miwani. "Na mtu anayeleta mahari ya bandia, sijui atakuwa mume wa namna gani."

Hisham alibadilika uso. Alimgeukia Rahila. "Haya, mwalimu. Wewe ndiye uliyenifundisha. Njoo uishike utazame, useme."

Hapo ndipo, wallahi, ningekuwepo ningemsukuma. Hatua nne tu kutoka mlangoni mpaka mezani. Rahila alimtazama baba yake, ambaye kwa miaka yote hajapata kumsikia akikosea karatasi, na hatua zile nne zikamshinda.

"Baba hakosei," alisema.

Hisham alitikisa kichwa polepole. "Sawa. Kama ni kopi, itieni jikoni na wenzake." Akatoka. Mlango hakuubamiza, aliurudisha taratibu, na Rahila akabaki anausikiliza.

Alimpigia jioni ile, hakupokea. Alimpigia alfajiri, hakupokea. Baada ya wiki simu ikawa haiiti kabisa. Akarudi kwenye tangi. Saa kumi na mbili, saa sita, saa kumi na mbili, saa sita. Alikonda. Aliacha kujitia udi. Badr alipokuja Ijumaa akasema, "Afadhali, tapeli yule," akaomba aongezewe mchuzi. Rahila alilala mchana, akaamka na kichwa kizito, akakaa kitandani kuhesabu ukutani nyufa ambazo hata hazikuwepo. Ulimwengu mzima ulikuwa nyuma ya lile pazia na yeye hakuwa na nguvu ya kulivuta.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Siku moja ya Oktoba, baba yake yuko kwenye sala ya Alasiri msikitini, Rahila alikuwa akibadilisha zile karatasi laini za kufunikia kwenye droo. Alipofika kwenye mwanamke wa ukingoni, akakuta jalada lina unene usiokuwepo. Akalifungua. Kulia, ukingo. Kushoto, nyumba ya wageni. Na katikati yao, imefunikwa kwa karatasi mpya, imelazwa kwa uangalifu ambao baba yake hampi mtu, mto.

Alikaa chini sakafuni. Katika nyumba hii kopi haipati droo. Hata siku moja.

Angeweza kuigeuza pale pale. Hakuigeuza. Alimjua baba yake: angemwambia macho yako hayajakomaa, mama, na yeye angeitikia, kama alivyoitikia siku zote. Alitaka neno litoke kwenye kinywa cha mwenyewe. Akaichukua mpaka jikoni, kwenye dirisha la magharibi, akaitundika kwa vibanio viwili baina ya kopi zilizogeuka rangi ya chai. Jua la saa kumi lilikuwa linaingia lote.

Winifrida alikuwa anakata vitunguu. "Dada, hiyo si ya mzee?"

"Ni kopi, Winifrida. Mzee mwenyewe kasema."

"Haya. Mie simo."

Mlango wa nje ukafunguka. Mzee Amur akaja jikoni kama kawaida yake kuitaka kahawa, fimbo kwanza, mguu baadaye. Akasema "Assalamu..." na salamu haikumalizika. Fimbo ilianguka. Yule mzee wa goti bovu alivuka jiko lile kwa hatua mbili, akaipa picha kifua chake na jua mgongo wake, mikono ameitandaza.

"Itoe! Itoe hapa! Jua linaila! Waridi inakwenda, wewe mtoto, waridi inakwenda!"

"Kopi, baba?"

Winifrida alizima jiko, akatoka nje na kisu chake na kitunguu chake.

"Kopi inaliwa nini na jua, baba?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Mzee Amur iliishia pale, ukutani. Alibaki amegeuka, anaongea na picha. "Nilijua nilipoigusa tu. Kabla ya taa."

"Kwa nini?"

"Nilimwekea sharti lisilowezekana. Yeye akaliweza." Aliigusa pembe ya picha. "Mama yako kaniacha kwenye chumba kile na picha mia na arubaini, na wewe. Ukienda wewe, mie nimebaki na picha. Niliogopa, Rahila. Niliogopa vibaya."

Rahila alilia. Nisiwadanganye kwamba alisimama kama simba. Alilia kwa sauti, kwa ajili yake na kwa ajili ya baba yake, maana alimpenda, na hilo ndilo lililokuwa kufuli la nyumba ile tangu mwanzo. Akaichukua picha, akaitia kwenye bahasha, akaiweka mikononi mwa mzee.

"Na mie miaka kumi na mitatu nilikuwa naogopa, na hukuniuliza. Mahari umeyataka wewe, wakati si yako, ni yangu. Nimekusamehe. Baki nayo. Lakini umeipokea, baba, na aliyepokea mahari anaozesha. Ukikataa n'takwenda kwa kadhi, n'tamwambia walii wangu, mwenye haki ya kuniozesha, kanizuia kwa uongo, na ataniozesha yeye. Sitaki kukuaibisha. Usinilazimishe."

Akachukua ufunguo wa gari. Saa kumi na mbili ilimkuta yuko barabara ya Quriyat, milima imemzunguka huku na huku, na kwa mara ya kwanza tangi lilijaa na mashine ikazima yenyewe bila ya mtu.

Mlango ulifunguliwa na bibi mnene mwenye kanga. Alimtazama Rahila juu mpaka chini.

"Wewe ndiye uliyeninyang'anya mashine yangu Ruwi."

"Ndiyo, bibi."

"Halafu ukamvunja mwanangu."

"Ndiyo."

"Angalau husemi uongo. Yuko uani. Mie n'nakwenda kumtazama jirani, na sirudi upesi."

Hisham alikuwa juu ya ngazi, kafungua kiyoyozi, mikono imejaa vumbi. Alimwona, akaendelea kufungua skrubu.

"Nyumbani wazima?" alisema.

"Hisham, ni ya asili."

"Najua. Nilijua tangu Kyoto." Skrubu nyingine. "Tatizo langu si karatasi. Wewe ulisema baba hakosei."

"Hakukosea. Alidanganya. Na mie nilikuwa nimesimama hatua nne na sikuja kutazama. Aliyekosea ni mie." Alifuta machozi kwa ncha ya shela. "Kama hunitaki tena, nambie kutoka huko huko juu, n'rudi zangu. Lakini usininyamazie. Kimya nimekishiba."

Hisham aliitia bisibisi yake mfukoni.

"Unajua nilitaka kukupigia mara ngapi? Nikishika simu, nasikia sauti yako: baba hakosei. Naiweka." Akashuka ngazi moja, akasimama. "Umekonda, Rahila. Hata yule mwanamke wa ukingoni ana afya kuliko wewe."

"Mshenzi."

"Nambie tena."

"Mshenzi wewe. Shuka huko."

Alishuka. Akakaa naye kwenye baraza, na wote wawili wakawa hawajui mikono yao waiweke wapi. Rahila alimsimulia habari ya jikoni mwanzo mwisho, na Hisham aliposikia mzee alivyoitupa fimbo, alijishika kichwa. Alikuwa mtu wa huruma, huyu. Ndiyo maana alimpa mashine.

"Maskini ya Mungu," alisema. "Basi sikiliza, roho yangu. Tuoane, tukae palepale Ghubra na baba. Mie n'takusaidia kumwaga..."

"La!"

Ilitoka kwa nguvu hata yeye mwenyewe ikamshitua.

"Nikiolewa nikakaa mule, Hisham, nitakuwa nimehama chumba tu. N'takupenda siku arubaini, kisha n'takuchukia. Nipe chumba kimoja popote, juu ya duka la matairi, sijali. Lakini niingie kwa hiari na nitoke kwa hiari. Hayo ndiyo mahari yangu. Andika."

"Nimeandika," Hisham alisema. Akaweka mkono wenye vumbi juu ya mkono wake. "Rahila binti Amur, utaolewa na fundi?"

"Nitaolewa. Na nawe leo mwite mjomba wako, kabla sijapoa."

Ndoa ilifungwa baada ya wiki mbili, Ijumaa, sebuleni kwa Mzee Amur, watu kumi na tano na kadhi. Kadhi alipomtaka walii atamke, mzee alikirekebisha kilemba chake mara mbili, hata Badr akaanza kuona haya. Kisha akatamka, neno baada ya neno, sawasawa, bila kuruka. Rahila alikuwa chumba cha pili na alilisikia kila moja.

Kabla ya kuondoka alimwita kaka yake kando. "Tangi linajaa kila saa sita."

"Sasa mie, na kazi zangu..."

"Wewe ndiye uliyebarikiwa sasa, kaka."

Alasiri ile alishuka ngazi na begi moja, hina mpaka kwenye viwiko, abaya jipya la kijani kibichi. Winifrida alipiga kigelegele peke yake. Nje gari la Hisham lilikuwa linaunguruma. Baba yake alisimama mlangoni na fimbo, amevaa kilemba chake kizuri, akamtazama anavyovaa viatu. Rahila alimbusu mkono, naye akamwekea mkono kichwani akamwombea dua, na mkono ule ukakaa juu ya kichwa muda mrefu kuliko dua yenyewe. Rahila akasubiri mpaka ulipoondoka.

"Utarudi saa ngapi?" mzee akauliza.

Rahila aliunyoosha mgongo wake.

"Kuja n'takuja, baba. Jumatatu n'takuja, na samaki," alisema. "Kurudi, sirudi."

Akatoka.